SOMO LETU: DAWA NZURI INAPOVURUGA SUKARI YA MWILI

Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo vikundi vingi vimekuwa vikituomba. Lisomeni pamoja, polepole, na mkifika kwenye maswali msiyaruke.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo hili, wewe na kikundi chako mtaweza:
1. Kueleza kwa nini dawa ya ugonjwa mmoja huweza kupandisha au kushusha sukari ya mwili.
2. Kutaja dawa za kawaida zenye tabia hiyo.
3. Kumsaidia mtu aliyeshukiwa na sukari kabla hajafika hospitali.
4. Kuuliza maswali yafaayo kliniki na kwa kemisti.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Mwaka juzi tulikuwa na desturi ya kumtembelea nyanya mmoja wa miaka 70 na ushei. Ana ugonjwa wa kisukari, na kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akimeza tembe ya glibenklamidi. Alikuwa ameizoea na haikumsumbua.

Wiki moja ya mwezi wa Julai alishikwa na maumivu ya mkojo. Mjukuu wake alitukuta njiani akatuuliza, "Shosho anachomwa akikojoa, nimchukulie nini?" Nasi bila kufikiri tukamjibu, "Pitia kwa kemisti ununue Septrin. Hiyo ni dawa ya kawaida." Na kweli ni dawa ya kawaida. Hata sisi tumeimeza mara nyingi.

Siku ya tatu, jioni, tuliitwa mbio. Tulimkuta ameketi kitandani, leso imelowa jasho, ilhali baridi ya Julai ilikuwa kali. Mikono ilimtetemeka. Maneno yake hayakuwa na kichwa wala miguu, na mjukuu alimwita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Mmoja wa jamaa alisema ni uzee umemwingia. Mwingine akanong'ona kwamba lazima kuna mtu amemtendea kitu. Sisi tulidhani ni homa imempanda kichwani, tukaketi tu tukimshika mkono.

Jirani, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetuokoa. Aliuliza maswali mawili tu: "Leo amekula nini? Na anameza dawa gani?" Alikuwa amekunywa uji nusu kikombe tangu asubuhi, kwa kuwa ugonjwa ulimkatisha hamu ya chakula. Tembe ya sukari alikuwa ameimeza kama kawaida, na Septrin juu yake. Muuguzi hakungoja kusikia zaidi. Alikoroga sukari katika maji akamnywesha polepole, maana bado aliweza kumeza. Baada ya robo saa hivi nyanya alituangalia mmoja mmoja, akauliza kwa ukali kwa nini nyumba yake imejaa watu.

Tulimpeleka hospitali hata hivyo. Usiku wa manane sukari ilishuka tena, ikabidi atiwe dripu ya glukosi, na alilazwa siku mbili. Alipona. Lakini daktari alitwambia wazi kwamba kama angeachwa alale nyumbani usiku ule, huenda asingeamka.

Aliyemwelekeza mjukuu kununua ile dawa ni sisi. Hatukuuliza nyanya anameza nini kingine. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Sukari hufanyaje kazi mwilini?

Tukila ugali, githeri, viazi au mkate, chakula hicho hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa insulini. Insulini ni kama bawabu: huifungulia sukari mlango iingie katika nyama za mwili na kutupa nguvu. Sukari inayozidi huwekwa akiba katika ini, kama mahindi yanavyowekwa ghalani. Tusipokula kwa muda, ini hufungua ghala na kutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose.

Mtu mzima mwenye afya, akipimwa asubuhi kabla ya kula, huwa na sukari kati ya 4 na 5.5 hivi katika mashine zinazotumika hapa Kenya. Ikiwa 7.0 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, huo ni ugonjwa wa kisukari. Ikiwa chini ya 3.9, imeshuka mno na mtu anahitaji kusaidiwa mara moja.

Sasa, dawa huingiaje katika mambo haya? Kuna njia nne. Dawa nyingine hulisukuma ini litoe sukari nyingi, au humzuia bawabu asifanye kazi yake. Nyingine huamsha kongosho itoe insulini kupita kiasi. Nyingine huficha dalili za sukari kushuka. Na nyingine huingilia kazi ya dawa za kisukari zenyewe, zikazitia nguvu kuliko ilivyokusudiwa au zikazidhoofisha.

Kumbuka: majina ya dawa tumeyaandika kama yanavyotamkwa. Kwenye pakiti herufi za mwisho zaweza kutofautiana kidogo. Yasome kwa sauti nawe utayatambua.

Dawa zinazopandisha sukari

Za kwanza ni prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni. Hizi hutibu pumu, mzio mkali, baridi yabisi na magonjwa mengine ya uvimbe. Zimeokoa maisha ya wengi. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni. Lakini dawa hizi hulifanya ini kutoa sukari nyingi na huifanya insulini isisikilizwe. Huko India mwaka 2021 wagonjwa wengi wa Korona walipatwa na ugonjwa mbaya wa kuvu unaokula pua na macho. Madaktari walieleza kwamba kisukari na matumizi makubwa ya dawa hizi viliufungulia mlango ugonjwa huo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akimeza prednisoloni asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni. Akipimwa asubuhi kabla ya kula anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe jioni sukari iko juu sana. Kwa hivyo anayemeza dawa hii aulize kama anaweza kupimwa alasiri pia. Sindano ya aina hii inayodungwa gotini au begani nayo huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Tuongeze onyo. Wako wanaonunua tembe hizi ili wanenepe, na wako wanaopaka mwili mzima krimu zenye dawa kali za jamii hiyo ili ngozi iwe nyeupe. Krimu ikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu, dawa hupenya hadi kwenye damu. Huko si kujiremba tena, ni kumeza dawa kupitia ngozi.

Nyingine ni dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana, kama haidroklorothiazidi. Hizi hupandisha sukari kidogo tu, hasa kipimo kikiwa kikubwa, kwa sababu hupunguza madini ya potasiamu ambayo kongosho huyahitaji. Kwa walio wengi faida yake ni kubwa kuliko hasara.

Halafu kuna baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili, hasa olanzapini na klozapini. Mgonjwa huona njaa sana, huongezeka uzito, na sukari hupanda. Familia ikiona hivyo isimlaumu mgonjwa kwamba ni mlafi. Imrudishe kliniki apimwe.

Dawa zinazoshusha sukari

Insulini na tembe kama glibenklamidi zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hatari huja mtu akimeza tembe na asile, au akilima shamba kutwa nzima kwa kikombe cha chai. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee au mtu ambaye mafigo yake yamechoka hukaa zaidi. Ndiyo maana nyanya wetu alishukiwa mara ya pili usiku. Metformini ni tofauti: ikimezwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi.

Kwinini nayo huamsha kongosho kutoa insulini. Malaria kali yenyewe hula sukari ya mwili, kwa hivyo mtoto au mama mjamzito anayetiwa kwinini yumo katika hatari mara mbili. Siku hizi artesuneti ya sindano ndiyo inayotangulia kutumika kwa malaria kali, lakini kwinini bado ipo. Mtoto mwenye malaria akilegea ghafla au akipatwa na degedege, msiseme ni malaria tu. Mwombeni mhudumu apime sukari.

Pombe pia tuitaje bila haya. Changaa au bia kwenye tumbo tupu hulizuia ini kufungua ghala lake. Mwenye kisukari akinywa bila kula, sukari yaweza kushuka hata saa nyingi baadaye, akiwa usingizini. Na kwa kuwa ananukia pombe, watu watapita wakisema, "Mwacheni, atalewuka." Wengi wameachwa hivyo kumbe walihitaji sukari.

Dawa inayoficha dalili

Propranololi na atenololi hutumika kwa presha na magonjwa ya moyo. Sukari ikishuka, mwili hupiga kengele: moyo hudunda mbio na mikono hutetemeka. Dawa hizi huinyamazisha kengele hiyo. Dalili inayobaki mara nyingi ni jasho. Kwa hivyo mtu anayemeza dawa ya kisukari pamoja na mojawapo ya hizi, akitokwa na jasho jingi bila sababu, apimwe au apewe kitu kitamu.

Dawa mbili zinapokutana

Hapa ndipo tulipojikwaa sisi. Mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akitibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya ukoo wa sulfa. Aliona wengine wakishukiwa na sukari vibaya. Mwenzake Auguste Loubatières alilichunguza jambo hilo, akatambua kwamba dawa ile ilikuwa ikiamsha kongosho. Kutokana na ugunduzi huo zikatengenezwa tembe za kutibu kisukari, na glibenklamidi ni mjukuu wa ukoo huo. Septrin nayo ina dawa ya sulfa ndani yake. Zikikutana, Septrin hulizuia ini lisiiondoe glibenklamidi upesi, na kwa mtu mwenye mafigo dhaifu yenyewe huweza kushusha sukari. Mjukuu aliinunua kwa mkebe mmoja, kumbe ilikwenda kukutana na jamaa yake wa zamani.

Mikutano mingine ya kuangalia ni hii:

Flukonazoli, dawa ya kuvu, huweza kuzidisha nguvu za glibenklamidi. Siprofloksasini na dawa za jamii yake huweza kuipeleka sukari juu au chini.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume. Hulifanya ini liondoe tembe za kisukari upesi, na sukari hupanda. Daktari anaweza kuongeza kipimo. Lakini matibabu ya kifua kikuu yakiisha, mara nyingi baada ya miezi 6, kipimo kile kilichoongezwa huwa kikubwa mno. Siku hiyo ya kumaliza ndiyo siku ya kurudi kuuliza.

Dolutegraviri, inayotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, huifanya metformini ijae zaidi mwilini, kwa hivyo kipimo cha metformini huwekewa mpaka. Kwa watu wachache dawa hii pia hupandisha sukari. Mkisikia kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, semeni kliniki.

Je, dawa za mitishamba? Zipo zinazoshusha sukari kidogo, na mtu akizichanganya na tembe anaweza kuzidisha. Lakini hatari kubwa ni dawa inayouzwa kama mitishamba kumbe imetiwa tembe za hospitali zilizosagwa. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushukiwa na sukari. Ilionekana kwamba dawa haramu za nguvu za kiume, nyingine zikidaiwa kuwa za miti, zilikuwa na glibenklamidi ndani. Wanne walikufa. Ukiambiwa dawa moja inatibu magoti, pumu, presha na nguvu za kiume, jiulize ndani mna nini.

Dalili za kukariri

Sukari ikishuka, mambo huja haraka, dakika kwa dakika: njaa ya ghafla, jasho la baridi, kutetemeka, kizunguzungu, macho kuona ukungu, hasira au maneno ya ovyo, kisha kuzimia au degedege.

Sukari ikipanda, mambo huja polepole, siku kwa siku: kiu, kukojoa sana, uchovu, kukonda, vidonda visivyopona. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia, apelekwe hospitali upesi.

La kufanya sukari ikishuka

1. Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai hapa.
2. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia.
3. Akipata nafuu ale chakula: ndizi, mkate, uji mzito.
4. Akiwa hajitambui, usimtilie kinywaji mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, paka sukari iliyoloweshwa au asali kidogo ndani ya shavu, na tafuteni gari.
5. Kama anameza glibenklamidi, apelekwe hospitali hata akiwa amepona machoni penu. Huweza kurudi.

Kama huna mashine na hujui ni juu au chini, na mtu bado anaweza kumeza, mpe sukari. Vijiko vitatu havitamwua mwenye sukari ya juu, lakini vinaweza kumwokoa aliyeshukiwa.

Usitupe dawa

Tunaogopa jambo moja: msomaji akisha kusoma haya aende akatupe tembe zake. Hebu tusielewane vibaya. Prednisoloni iliyotumiwa kwa muda mrefu ikiachwa ghafla huweza kuua, kwa sababu mwili umeacha kujitengenezea dawa ya namna hiyo na unahitaji muda kuanza tena. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi. Mgonjwa wa akili akiacha dawa hurudi alikotoka. Na anayemeza Septrin kila siku kwa maagizo ya kliniki ana sababu yake. Tunachotaka ni dawa ijulikane, sukari ipimwe, na daktari abadilishe kipimo ikibidi. Usiongeze wala usipunguze wewe mwenyewe.

Desturi nne za nyumbani

Kwanza, weka dawa zote za mtu mmoja katika kopo moja, za hospitali, za kemisti na za miti. Ukienda kliniki beba kopo zima.

Pili, kwa kemisti sema hivi kabla ya kutoa pesa: "Mgonjwa ana kisukari, anameza hizi. Je, zinapatana?" Kuuliza si ujinga.

Tatu, ukianza dawa mpya, omba kupimwa sukari mara nyingi zaidi katika wiki ya kwanza. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya kazi yenye mashine za kupima presha na sukari. Mjue wa kijiji chenu ni nani na anaishi wapi.

Nne, mgonjwa akikosa hamu ya chakula, akitapika au akiharisha, msingoje siku ya kliniki. Ulizeni siku hiyo hiyo kuhusu tembe zake.

Nyanya yetu bado yupo. Daktari alimbadilishia tembe. Tukimtembelea siku hizi, kabla hajatukaribisha chai anatuwekea kopo lake mezani na kusema, "Someni kwanza." Nasi tunasoma, tembe moja baada ya nyingine, naye anatuangalia kama mwalimu anavyowaangalia watoto waliowahi kukosea hesabu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yenu, ni nani anayemeza dawa zaidi ya moja? Je, mnaweza kuzitaja zote?
2. Mtu akianza kusema maneno ya ovyo kijijini kwetu, watu husema amepatwa na nini? Ni nani angeuliza kuhusu chakula na dawa?
3. Kwa nini mgonjwa anayemeza prednisoloni asubuhi asitegemee kipimo cha asubuhi peke yake?
4. Mzee mmoja anameza atenololi na glibenklamidi. Ni dalili gani ambazo huenda asizione, na ni ipi ya kuangalia?
5. Zoezi: mkutano ujao kila mshiriki alete kopo la dawa la nyumbani kwake. Mwalikeni muuguzi wa zahanati ayapitie pamoja nanyi.